Siku nzima ndani ya makorongo ya Laguna

Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, itawekwa wiki ijayo Mungu akipenda. Leo hakuna msimbo hata mstari mmoja. Leo naandika habari za miguu, maji ya kunywa na makorongo, na mwenye haraka anaweza kuangalia picha tu kisha akaenda zake.

Mwezi Machi 2025 kampuni ninayoifanyia kazi ilituita sisi watengenezaji programu tunaofanya kazi kutoka mbali, tukakae pamoja wiki mbili mjini Irvine, kusini mwa California. Mimi nilitoka Nairobi. Wengine walitoka Pune, Guadalajara na Warsaw, watu ambao kwa miaka mitatu nilikuwa nikiwaona kichwa na mabega tu kwenye kioo cha tarakilishi. (Yule wa Warsaw ni mrefu ajabu! Kwa kamera huwezi kujua.)

Irvine ni mji uliopangwa kwa rula. Nyasi zina urefu mmoja, kuta zina rangi moja, miti imepandwa kwa safu kama jedwali. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa ranchi ya familia ya Irvine, na Irvine Company, kampuni iliyozaliwa humo, ndiyo iliyouchora mji kuanzia miaka ya 1960. Ni mji safi, sina ubaya nao, lakini kufikia siku ya nne nilikuwa natamani kuona kitu ambacho hakuna mtu aliyekipanga.

Nina dada yangu, binti wa mama mkubwa, ambaye ni muuguzi na anaishi Riverside, mwendo wa saa moja kwa gari ikiwa barabara ya 91 imeamka vizuri. Akanipigia simu. "Umeona nini hadi sasa?" Nikamwambia nimeona ofisi, hoteli na duka la dawa. Akasema, "Jumamosi nakuja kukutoa humo. Tafuta viatu vya maana, si hizo raba zako za kutembelea Moi Avenue." Tayari alikuwa ametuandikisha kwenye matembezi ya kuongozwa katika Laguna Coast Wilderness Park, na nafasi zilikuwa zimebaki, kwa hiyo nikawavuta wenzangu watatu wa ofisini. Jumla tukawa watu kumi na wawili, pamoja na kijana mmoja wa miaka tisa aliyekuja na baba yake.

Kutoka Irvine unateremka barabara ya 133 kuelekea baharini. Unapita nyumba, nyumba, nyumba, kisha unapita chini ya barabara kuu ya kulipia, ile ya 73 iliyofunguliwa mwaka 1996, na baada ya hapo nyumba zinaisha. Zinaisha kabisa, kama mtu aliyekatwa kauli. Kulia vilima, kushoto vilima, katikati barabara nyembamba na mialoni. Nilidhani tumepotea. Kumbe ndiyo hifadhi yenyewe: ekari kama 7,000, yaani hekta 2,800 hivi. Karura yetu ina hekta zipatazo 1,041, kwa hiyo pima mwenyewe. Nayo imepakana na hifadhi nyingine, Crystal Cove upande wa bahari na Aliso and Wood Canyons upande wa kusini, hata zote kwa pamoja zinazidi ekari 20,000 za pori ndani ya kaunti yenye watu zaidi ya milioni 3.

Maegesho yalikuwa dola 3. Tulikusanyika penye mdomo wa korongo la Willow saa mbili asubuhi, ukungu wa bahari ukiwa bado umelala juu ya vilima.

Viongozi wetu walikuwa wawili wa kujitolea kutoka Laguna Canyon Foundation, shirika linalosaidia kaunti kuitunza hifadhi. Mmoja kijana wa chuo. Mwingine mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, kofia pana, fimbo mbili mkononi. Simtaji jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Mimi nilimwita Mama, akacheka sana, akasema hata wajukuu wake wanamwita kwa jina tu. Dada akanikonyeza: ndiyo Marekani hiyo.

Kabla ya kuondoka alitupa maonyo mawili. La kwanza ni mmea wenye majani matatumatatu ambao Wamarekani wanauita poison oak. Mafuta yake yakikugusa ngozi, unawashwa na kutoka malengelenge siku nyingi. "Upupu wa huku," dada akanifasiria. Tofauti ni kwamba upupu wetu unakuwasha papo hapo, ila huu wao unangoja siku moja au mbili ndipo ujitokeze, sawa na hitilafu ya programu inayongoja mteja alipe kwanza. Onyo la pili ni nyoka mwenye kayamba mkiani. Ukisikia kayamba, simama, angalia, rudi nyuma polepole. Yule mtoto wa miaka tisa aliuliza kama tunaweza kumtafuta mmoja. Baba yake akasema hapana.

Basi tukaanza kupanda.

Njia ya Willow inapanda moja kwa moja kutoka sakafu ya korongo hadi juu ya mgongo wa vilima unaoitwa Bommer Ridge. Ni barabara ya udongo, pana, mwinuko mkali mwanzoni. Wenzangu walianza kuhema, mimi nikawa napiga gumzo. Si kwamba nina mapafu ya mwanariadha wa Iten, mazoezi yangu mnayajua ni ngazi za ofisi tu. Ni hesabu. Juu kabisa pa Bommer Ridge ni karibu mita 300 kutoka usawa wa bahari, na Nairobi tunalala kwenye mita 1,700 na zaidi. Nilipofika kileleni nilikuwa bado nipo chini sana ya sebule yangu. Yule ndugu wa Warsaw nilipomwambia hivyo hakufurahi.

Mtu aliyezoea Karura akifika pale atauliza miti iko wapi. Vilima vimefunikwa vichaka vya kiunoni, vya kijivu na kijani, na mvua za Machi zilikuwa zimewasha maua ya manjano na zambarau katikati yake. California ya kusini hupata mvua zake majira ya baridi, kisha kiangazi kizima kinapita karibu bila tone, kwa hiyo mimea yake imejifunza kubana matumizi. Mama yule alituambia tuchume jani moja la kichaka cha kijivu, tulisugue vidoleni, tunuse. Harufu kali, tamu, ya dawa. Kinaitwa Artemisia californica. Jina likanigonga, kwa sababu Artemisia annua, ndugu yake, ndiyo inayotoa artemisinin, dawa ya malaria, na hulimwa hata Afrika Mashariki. Nilitembea nusu saa nzima nikinusa vidole kama mtoto aliyeiba biskuti.

Kitu kingine kilichonishangaza ni mpungate. Upo kila mahali kwenye miteremko ya jua, mafungu makubwa yenye miiba, na wenyewe wanaupenda! Kuna ndege mdogo hatarini kutoweka ambaye huutegemea kujenga kiota. Huko Laikipia mpungate ni adui. Uliletwa kutoka Amerika, ukatoroka kwenye nyua, ukameza malisho, na miiba ya matunda yake imeumiza midomo na matumbo ya mbuzi wa watu wengi. Kumbe nyumbani kwake ni mmea wa heshima, una wadudu wake wa kuuzuia na wanyama wake wa kuula. Na kinyume chake: yale maua ya manjano niliyokuwa nikiyapiga picha kwa bidii, Mama akaniambia ni haradali, mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, na ndiyo magugu yanayowakosesha usingizi. Kila baada ya moto, haradali na nyasi za kigeni huwahi kuota kabla ya vichaka vya asili. Moto ukirudi haraka mno, vichaka havirudi tena, inabaki nyasi inayowaka upesi zaidi. Nilifuta picha tatu za haradali. Nyingine nimeziacha, zilitoka vizuri.

Moto si hadithi pale. Tulipofika mahali unapoona korongo la Emerald likiteremka kuelekea bahari, Mama alionyesha kwa fimbo mteremko ulioungua Februari 2022, ekari kama 150. Februari, ambayo kwao ni majira ya mvua. Mbele zaidi akatuonyesha ulikopita ule mkubwa wa Oktoba 1993, ulioteketeza mamia ya nyumba mjini Laguna Beach. Vigogo vyeusi bado vipo ukivitafuta, na chini yake machipukizi mabichi.

Halafu ukungu ukaondoka.

Sijui niwaeleze vipi. Umepanda saa mbili ndani ya vichaka, jasho linakuingia machoni, mara kilima kinapungua na mbele yako kuna Pasifiki yote, buluu ya kiwino, na Kisiwa cha Catalina kikielea upeoni kama jahazi lililotia nanga. Nimezaliwa Nairobi, bahari kwangu ni Mombasa, unaifikia kwa treni au basi na unaanza kuinusa kabla hujaiona. Hii niliiona kwanza, yote kwa mara moja, kutoka juu, na harufu iliyokuwapo ni ya vichaka. Tulikaa kimya dakika kadhaa. Hata yule mtoto.

Tulikula hapo. Dada alikuwa amebeba chapati kumi na tano na ndengu kwenye chombo cha moto, chakula cha kutosha kijiji, na watu walioleta vijiti vya nafaka wakavisahau mifukoni. Ndugu wa Pune akasema chapati zetu ni nene kuliko zao lakini akala tatu.

Ni wakati wa kula ndipo Mama alipotusimulia kwa nini tulikuwa tumekaa penye nyasi na si penye uwanja wa gofu.

Ardhi tuliyoiona kutoka pale, kando ya ile barabara ya 133, ilikuwa mali halali ya Irvine Company, nayo ilikuwa na mpango wa kujenga nyumba zaidi ya 3,000 ndani ya korongo. Muuza vitabu mmoja wa Laguna Beach, James Dilley, alikuwa ameanzisha Laguna Greenbelt tangu 1968, akitaka mji uzungukwe na ukanda wa kijani. Kwa miaka mingi wengi walimwona ni mtu wa ndoto. Mwaka 1989 wapiga picha wawili, Mark Chamberlain na Jerry Burchfield, walijenga ndani ya korongo ukuta wa picha wenye urefu wa futi 636, wakaupa jina The Tell. Picha zake, zaidi ya 100,000, hawakuzipiga wao: waliwaomba watu walete picha zao za nyumbani. Harusi, watoto, mbwa, sikukuu. Zikabandikwa zote pale, zikififia juani. Tarehe 11 Novemba 1989 watu kama 8,000 waliandamana kwa miguu kwenye barabara ya korongo hadi kwenye ukuta ule. Mama alikuwapo. Alimsukuma mwanawe wa pili kwenye kigari cha mtoto, na anakumbuka gurudumu moja lilikuwa linakwama.

Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kuuza. Bei ilikuwa dola milioni 78. Mji ule una watu wachache, elfu ishirini na kitu, na mnamo Novemba 1990 ulipiga kura kuamua kama wajiongezee kodi ya majengo walipe deni la dola milioni 20 kama fungu lao. Karibu asilimia 80 walisema ndiyo. Zilizobaki zilitafutwa kwingine, serikalini na kwa michango.

Watu waliojiongezea kodi kwa hiari yao! Ndugu msomaji, mimi ni Mkenya. Nilimwomba arudie.

Simu yangu ilikuwa na mtandao kidogo pale juu, kwa hiyo nilifanya kile tunachokifanya watu wa fani yangu mtu anapotaja tarehe. Tarehe 11 Novemba 1989 ilikuwa imenikwaruza. Nikatafuta, nikapata: tarehe 15 Novemba 1989, siku nne tu baada ya maandamano ya Laguna, ndipo ujenzi wa lile jumba la ghorofa 60 ulipozinduliwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai alikuwa ameandika barua kila ofisi iliyokuwa na sanduku la posta, na majibu aliyopata ni matusi bungeni, kisha shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi lilizokuwa likitumia. Hakukuwa na kura ya kupiga. Kulikuwa na barua, na wafadhili wa nje ambao hatimaye walijitoa, na jumba halikujengwa. Na jina la shirika lake? Green Belt Movement, la 1977. Ukanda wa kijani huku na ukanda wa kijani kule, wiki ileile, na sidhani kama mmoja aliwahi kusikia habari za mwenzake.

Nilimsimulia Mama. Habari za Nobel ya 2004 alikuwa anazijua, za Uhuru Park hapana. Akataka kujua kama bustani bado ipo. Ipo. Mimi nimekula aiskrimu pale nikiwa mtoto.

Dada yangu hakuwa ameguswa kama mimi. Yeye amekaa nchi ile miaka kumi na moja. Tulipokuwa tunateremka akanivuta nyuma akaniambia kwa Kiswahili, "Usilewe hadithi. Umeona bei za nyumba pale chini? Hawa walinunua mandhari ya madirisha yao. Mimi ninayewauguza wazazi wao siwezi kupanga hata chumba hapa." Nikamwambia lakini sisi tumeingia kwa dola 3. Akasema ndiyo, na gari, na siku ya mapumziko, na mafuta kutoka Riverside. Halafu akauliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo: "Na wale waliokuwa hapa kwanza, walipigiwa kura gani?"

Maana wenyeji wa makorongo yale ni watu wa Acjachemen. Misheni ya San Juan Capistrano ilijengwa ndani ya nchi yao mwaka 1776, na baada ya hapo ikawa misheni, ranchi, kampuni, kaunti. Mama mwenyewe alikuwa amelitaja jambo hili asubuhi, kwa ufupi. Dada aliona ufupi ule.

Sikuweza kumpinga, na sikuweza kukubaliana naye kabisa pia, kwa sababu tulikuwa tunabishana tukiwa tumeingia ndani ya korongo la Laurel, na lile korongo ni zuri kiasi cha kuharibu hoja. Unaacha jua na vichaka, njia inakuwa nyembamba, baiskeli na mbwa hawaruhusiwi, na unajikuta chini ya mialoni mikubwa iliyopinda kama wazee wanaonong'onezana. Kuna miti ya gome jeupe lenye mabaka wanayoiita sycamore. Si mkuyu wetu, ingawa wote wawili hugombania jina moja kwenye Biblia za lugha mbalimbali, na Zakayo hakupanda huu. Kando ya njia kuna miamba ya mawe ya mchanga, mabaki ya sakafu ya bahari ya zamani sana, iliyotobolewa na chumvi na unyevu mpaka imekuwa na mapango, madirisha, matundu kama ya jibini. Mtoto aliingia kila tundu lililomtosha na mawili yasiyomtosha. Maporomoko ya maji tuliyoahidiwa yalikuwa uzi tu, unateleza juu ya mwamba, lakini ulikuwa unasikika, na mahali pakame kama pale sauti ya maji inamsimamisha kila mtu. Mwewe alizunguka juu mara tatu akaenda zake. Kayamba hatukulisikia.

Simu humo ndani ilikufa mtandao. Nilikuwa nimepakua ramani mapema, ile ya OpenStreetMap, na kila kijia kilikuwapo, mpaka kile kifupi cha kukatizia kinachounganisha Bommer Ridge na korongo la Laurel. Mtu fulani alitembea pale na simu yake akaviandika, bure, kisha mwingine akasahihisha. Wasomaji wa siku nyingi mnajua nilivyo na ramani hii. Ni ileile ambayo vijana wa Kibera walianza kuijaza mwaka 2009 kwa mradi wa Map Kibera, wakati ramani nyingine zilipaonyesha mahali pale kama doa tupu. Nilipokuwa naangalia kile kidoti changu cha buluu kikiteremka korongo, niliwaza doa tupu jingine.

Mtaani kwetu Eastlands kuna uwanja. Si mkubwa, mnajua vile viwanja, magoli ya mawe mawili na nyasi pembeni tu. Mimi nilijifunza mpira pale, dada alikuwa akija likizo tunamweka golini. Desemba 2024 tuliamka tukakuta umezungushiwa mabati, na mtu mwenye karatasi anasema ni wake. Wakaazi wakaunda kamati, kamati ikaomba kila nyumba shilingi 3,000 za wakili na mpima ardhi. Mama yangu alitoa siku ileile. Mimi nilikuwa bado nabishana naye kwa simu: kwa nini tulipie kitu ambacho ni chetu tayari? Watu wa Laguna walinunua mali ya mtu, tena muuzaji alikubali. Sisi tunaambiwa tuchange ili turudishiwe kilichoibwa. Si jambo moja.

Nilimweleza Mama wa kofia pana tulipokuwa tunakaribia maegesho, saa nane hivi, miguu imekwisha. Nilitaka hasa anikubalie kwamba si jambo moja. Akanikubalia. Akasema kweli, si jambo moja, langu ni baya zaidi. Kisha akaniuliza kama watu wa mtaani wana picha.

"Picha gani?"

"Zenu. Mkiwa pale."

Sikuelewa mara moja. Alifikiri kama mtu wa mwaka 1989, aliyepeleka picha ya mbwa wake kwenye ukuta ule wa futi 636.

Niliporudi Nairobi nilituma ile 3,000 kwa M-Pesa, bado nikinung'unika, na nikatengeneza kijitovuti kidogo sana, cha aina ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili angekimaliza wikendi moja: unapakia picha, unaandika mwaka, unaandika ni nani wamo, basi. Hakuna urembo. Mama na wenzake wa chama wakapita nyumba kwa nyumba na simu zao wakipiga picha albamu za watu, zile za plastiki zinazonata. Mpaka leo tuna 143. Kuna harusi tatu, kuna mkutano wa injili wenye spika kubwa kuliko jukwaa, kuna timu ya mwaka 1987 iliyosimama na jezi za rangi mbili tofauti kwa sababu hazikutosha. Kwenye 61 unaona kwa nyuma ule mnara wa maji wa shule, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni uwanja mwingine. Mpima ardhi aliniomba zile 61 zipangwe kwa mwaka. Uwanja wenyewe nao nimeuingiza kwenye OpenStreetMap, mipaka yake na lango lake la zamani, na nimeangalia mara mbili kwamba hakuna aliyeufuta.

Wakili anasema picha si hati miliki, tusijidanganye. Anasema pia hakimu atataka kuziona. Kesi imeahirishwa mara mbili na mabati bado yapo, ila watoto wametoboa upande wa nyuma na wanacheza humohumo.

Dada yangu ametuma picha mbili kutoka Riverside, moja akiwa golini, analia.

Kama uliwahi kucheza pale au ulioa pale na una picha, ilete kwa mama yangu, si kwangu. Yeye ndiye mwenye daftari, na atakuuliza mwaka, kwa hiyo ukumbuke mwaka.